Kila Uso Ni Kitako

Usiku ule nililala na viatu miguuni. Tangu tumzike Tunu sikuwa na subira hata ya kuvua viatu. Alikuwa shoga yangu na mwalimu wa hisabati shuleni kwetu. Msibani kwake sikukaa: mahema mimi, masufuria mimi, sukari mimi, na watu wakanisifu. Kisha nikapewa darasa lake, na asubuhi nilitakiwa kufundisha maumbo aliyoyapenda kuliko yote, yale yaliyofungwa na nyuso bapa tupu. Aliyaunda mwenyewe kwa karatasi ngumu, yamo kwenye boksi kabatini. Boksi lile nilikuwa naliogopa.

Nikajiona niko jikoni kwake, na kila kitu kinabingirika. Machungwa, makopo, vitunguu, nami navikimbiza vyote. Tunu amekaa jamvini na kitambaa chake cha njano kichwani. Namfurahia hadi kifua kinauma, lakini siwezi kusimama.

"Niletee yenye nyuso bapa tu," anasema.

Nampelekea kopo la maziwa. Analipapasa. "Juu bapa, chini bapa. Ubavuni je?" Analiachia, linabingirika hadi mlangoni. Chungwa hata halitazami. Nampelekea sambusa, nikijua hapa nimepatia, si ina pembe? Anacheka kile kicheko chake cha puani.

"Mwenzangu, hii imevimba." Anaila.

Sasa jiko ni darasa, wanafunzi wananitazama, na sakafu imeinama. Kisha darasa ni makaburini, na bado nakimbiza machungwa kati ya makaburi, nahema, naona aibu. Tunu yuko palepale jamvini. Ananipa boksi la chaki.

"Ligeuze."

Naligeuza, linakaa. Naligeuza tena, linakaa. Ananipa piramidi yake ya karatasi. Inaniponyoka, inadunda, inakaa kwa uso mwingine.

"Umeona? Vya mviringo vinatafuta mteremko. Haya yangu, hata uyaangushe, yana pa kukalia. Kila uso ni kitako." Halafu ananikazia macho. "Wewe umenizika ukiwa wima, shoga yangu. Kaa kitako."

Nataka kumwambia kazi ni nyingi, wageni hawajala, lakini miguu inanipeleka mteremkoni na kitambaa cha njano kinabaki juu, kinazidi kuwa kidogo.

Nikashtuka. Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba changu, jasho linanitoka, jogoo wanawika. Nikavua viatu. Nikakaa kitako sakafuni, na hapo ndipo kilio kilipokuja, kikubwa, cha kuniumiza mbavu. Nililia huku najua kwamba kukikucha nitalifungua boksi lake.

Jirani yangu Mama Zuhura akagonga ukuta. "Mwalimu! Kuna nini huko?"

"Tunu amekufa," nikamjibu.