Waya Mwekundu wa Wahariri

Pale studio walimwita Shangazi Waya, na jina likamkaa. Ndiye aliyepanga mitandao miwili: nyaya nyekundu ziwafikishe wahariri moja kwa moja kwenye hifadhi ya pamoja ya video, za bluu zibebe barua pepe na shughuli nyingine za ofisi. Kila waya aliufunga utepe kwa mkono wake, taratibu, kama anayemsuka mwanawe.

Saa nane mchana mhariri akapiga kelele. "Shangazi, picha inakwamakwama! Kipindi kinaenda hewani saa kumi!"

Shangazi akaufuata waya mwekundu ukutani hadi chini ya meza ya mkurugenzi.

"Mzee! Umechomeka kompyuta yako kwenye waya wa wahariri?"

"Ule wa bluu unajikokota, mwanangu. Nahifadhi video za mjukuu. Ameanza kutembea!"

Shangazi akachutama, akatazama kwenye skrini hatua nne na anguko moja, akacheka hadi machozi. Kisha akauchomoa waya mwekundu.

"Mtoto mzuri, Mzee. Atapita njia ya bluu."

"Mkali kuliko mama yangu," mzee akanung'unika, akipapasa chini ya meza kuutafuta waya wake wa bluu.

Saa kumi kamili kipindi kilikuwa hewani. Kwenye njia ya bluu, mjukuu alikuwa amefika asilimia tatu.