Nusu Saa Toka Pemba

Dada yangu aliolewa Pemba, na kila alipokuja Kitangari kututembelea, mama alimtaka asimulie habari za ndege. Zilikuwa zile nyakati za soko huria: korosho ananunua yeyote mwenye lori, na vindege vya watu binafsi vinaruka kati ya visiwa kutwa nzima.

"Toka Pemba mpaka Unguja nusu saa, mama. Unafunga mkanda, unafungua."

"Na kurudi?"

"Nusu saa vilevile."

Mama hakuamini. Kwetu maji yako bondeni. Kushuka na ndoo tupu ni safari moja, kupanda nayo imejaa ni nyingine kabisa. Njia yenye kwenda na kurudi sawa ilimchekesha mpaka akafuta machozi.

Alfajiri aliyofariki nilidandia lori la korosho hadi Masasi, kwenye duka lenye simu ya kulipia. Dada alilia, kisha akasema atapanda ndege ya asubuhi. Nikarudi nikawaeleza wakubwa: kesho ataruka mpaka Unguja, atavuka kwenda Dar, ila upande wa Rufiji mvua imeharibu barabara na mabasi yamekwama. Sikulia. Nilikuwa nimekufa ganzi, naongea kama natangaza msiba wa watu wengine.

Wanawake walishika ile nusu saa tu.

"Nusu saa?" alisema shangazi. "Hata kisimani hujafika. Tumngoje."

Binti mkubwa, naye ni dada, ndiye wa kumwagia mama yake maji ya mwisho akioshwa. Kwa hiyo shangazi alitenga ndoo moja kati ya zilizopandishwa kutoka bondeni, akaifunika na kuiweka kwenye kona ya chumba. Mazishi yakasogezwa mpaka kesho yake. Adhuhuri ilipopita, mjomba akasema inatosha. Shangazi akamwosha mama kwa maji mengine.

"Ile ndoo ya mwenyewe," alisema.

Msiba ulijaa watu na kwetu jua lilikuwa kali bado. Watoto walilala na vumbi miguuni. Ndoo ile hakuna aliyeigusa.

Dada alifika tumeshaanua matanga, tope limemkaukia mpaka magotini.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

"Mmeshamzika?"

Tukasema ndiyo. Hakupiga kelele. Alisema ndege ilikuwa nusu saa kweli, akarudia tena, kana kwamba kuna aliyembishia. Halafu akaomba maji ya kunywa.

Mitungi ilikuwa mikavu, wasichana walikuwa bado bondeni. Shangazi alinitazama. Kisha akaingia chumbani, akafunua ndoo, akachota kikombe. Dada alikunywa chote, akaomba kingine.

"Maji ya kwetu matamu," alisema.

Hapo ganzi ikaniachia, nikashika mlango. Yaliyobaki alinawia miguu, taratibu, mpaka ndoo ikaisha, na hakuna aliyemwambia yalikuwa ya nini.