Pembe Isiyoingia Katika Pembetatu

Iko siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kila ninapomsikia mtu mzima akimkemea mtoto kwa sababu ya swali.

Nilikuwa kijana, nimetoka chuo kikuu pale Kasapa na diploma yangu ya hesabu, shati limepigwa pasi hata lingeweza kusimama lenyewe. Nikapewa darasa la sita la sekondari, hapa hapa Lubumbashi, wanafunzi ambao mwisho wa mwaka walingojewa na mtihani wa serikali. Nilijiona mkubwa. Debe tupu haliachi kuvuma, nami nilivuma.

Siku hiyo nilichora ubaoni pembetatu yenye kona iliyonyooka kama kona ya daftari, nikawaimbisha: sinus ni upande unaokabili pembe, ugawanye kwa ule mrefu kuliko yote. Wakaimba vizuri. Kisha msichana mmoja, Ngalula, akainua mkono.

“Prof, angle ya mia moja makumi mbili haiwezi kuingia mu ile triangle. Sasa sinus yake inatoka wapi?”

Namba yenyewe niliijua, maana imeandikwa katika jedwali. Lakini inatoka wapi? Darasa zima lilikuwa likinitazama. Badala ya kusema sijui, nikapaza sauti: “Unataka kunijaribu? Toka nje!” Akakusanya daftari zake, akatoka.

Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Siku ya tatu nikaenda kwao. Usidhani nilikwenda kuomba radhi, mwanangu. La. Nilitaka yeye aniombe mimi.

Baba yake, Papa Kalonda, alikuwa fundi wa baiskeli kando ya barabara, akiwatengenezea wauza makaa. Hakusoma zaidi ya shule ya msingi. Alifuta mikono yenye grisi, akanipa kigoda, akaketi mbele yangu.

“Prof, unielezee. Mutoto yangu aliuliza nini ya mubaya?”

“Aliuliza jambo ambalo halikuwa katika somo, Papa.”

“Na weye, ulikuwa unalijua?”

Nikatazama chini. Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeficha siku tatu. “Hapana, Papa. Sikulijua.”

Hakucheka. “Miye, muntu akiniletea kinga yenye ugonjwa yenye sijue, namwambia, tuifungue pamoja. Simufukuze. Nikimufukuza, nitajifunza wapi?”

Kinga ndiyo baiskeli, kama tunavyoiita hapa kwetu. Na maneno yale yalinichoma kuliko tusi, maana aliyasema kwa upole, kama anavyosema na mteja.

Ngalula alikuwa nyuma yetu, amepindua baiskeli moja, magurudumu juu. Akasema taratibu, “Prof, jibu ya ile swali, miye niliikamata jana.”

Alikuwa amefunga kamba ikipita usawa wa katikati ya gurudumu. “Rayon iko thelathini na sita,” akasema, akionyesha zile waya zinazoshika gurudumu. “Mu kizunguko yote muko digrii mia tatu makumi sita. Basi ku ukingo, kila rayon ni digrii kumi.” Akaanza na sindano ya kujazia upepo, ile inayochomoza ukingoni, ikiwa kwenye kamba, akaizungusha rayon tatu kwenda juu, akapima kimo chake toka kwenye kamba. Kilikuwa nusu ya urefu kutoka katikati hadi ukingoni. Sinus ya digrii thelathini, nusu kamili! Urefu ule nami nilikuwa nikiuita rayon kila siku ubaoni, wala sikuwahi kufikiri kwamba mafundi huziita waya zao kwa neno hilohilo.

Akahesabu rayon kumi na mbili toka kwenye kamba, ndizo digrii mia na ishirini. Sindano ikapita juu kabisa, ikaanza kushuka upande wa pili. “Ona, kimo chake ni sawa na ya digrii makumi sita.”

“Na ikishuka chini ya kamba?” nikauliza. Nilikuwa tayari mwanafunzi wake.

“Tunaweka moins,” akasema, akichora hewani alama ya kutoa. “Na ikimaliza kizunguko, inaanza tena.”

Nikaduwaa, mwanangu. Pembetatu niliyoiabudu ilikuwa robo ya kwanza tu ya safari ya gurudumu, na mtoto wa fundi ndiye aliyenimalizia safari. Nilimwomba radhi palepale mbele ya baba yake. Papa Kalonda akanipa mkono, akasema, “Sasa uko mwalimu.”

Jumatatu nilirudia maneno hayo ya radhi mbele ya darasa zima, kisha nikampa Ngalula chaki, nikaenda kukaa benchi la nyuma. Alifaulu mtihani wa serikali. Leo ni injinia wa umeme, na umeme wa nyumbani kwako nao hupanda na kushuka kwa mwendo uleule wa gurudumu. Nikikwama, bado ninampigia simu.

Kwa hiyo nakuusia: usiridhike na kanuni kwa kuwa unajua kuiimba. Isukume hadi pale isipoonekana kuingia, hapo ndipo elimu inapoanza. Ukiulizwa usichokijua, sema hujui, halafu mkitafute pamoja. Wala usimpime mtu kwa diploma. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, hata mbele ya aliye mdogo kwake.

Mungu akupe maswali yasiyokuacha upumzike, na watu wapole wa kukusahihisha. Nawe ukifundisha, akujalie mwanafunzi atakayekuzidi, na moyo wa kumfurahia.