Waliomziba Kipa

Mtu wa kompyuta alipokuja kwenye timu yangu ya hoki ya barafu, alikuwa na sharti moja: mdogo wake, kipa wetu, abaki golini. Nikasema sawa, mradi kompyuta isimkatae. Basi akawa anapuliza vidole kwa baridi na kuandika kila shuti, umbali wake na pembe yake, ili mashine ijifunze lipi huingia. Mashine ikasema kipa wetu anafungwa magoli ya bure. “Kaka, ndiyo umeniuza hivyo?” mdogo wake alimuuliza. Akapuliza vidole tu. Nikaleta kipa mwingine.

Wiki iliyofuata akanionyesha video. “Bosi, sikuandika wachezaji waliosimama mbele yake. Dogo alikuwa haoni kitu.” Nafasi ilishajaa. Sasa mashine yangu inahesabu hata waliomziba kipa. Yeye kila asubuhi anampigia mdogo wake. Simu inaita mpaka inakata.