Besi ya Mvule Niliyoichonga Nikiwa Edani

Mume wangu alifariki Jumatano, tarehe tisa Februari, muda mfupi baada ya sala ya alasiri. Naitanguliza tarehe kwa sababu kila kilichofuata kilihesabiwa kutoka hapo. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi kwa mwezi mwandamo, na kwangu ilikuwa siku mia moja ishirini na nane za kutotoka nyumbani, kutojipaka manukato na kutovaa nguo yenye rangi ya kuvutia macho. Niliikamilisha, na hakuna atakayethubutu kusema sikuikamilisha. Lakini ndani ya siku hizo nilichonga gitaa la besi, na kwa jambo hilo ukoo wetu wa Wanubi bado una maneno. Na mimi ninayo yangu.

Mume wangu alikuwa seremala. Benchi lake lilikuwa katika uwanja wa maseremala kando ya barabara, mbele kidogo ya soko la Kalerwe hapa Kampala, na alifanya kazi hapo kwa miaka ishirini na miwili. Uwanja ule una desturi ambayo haikuandikwa popote, lakini hakuna asiyeijua: seremala akifa, benchi lake humwendea yule anayemaliza kazi aliyoiacha. Mume wangu aliacha kazi moja tu. Miezi yake miwili ya mwisho, miguu ilipomkatalia, alikuwa akifanyia kazi uani kwetu, na siku aliyolala asiamke tena, ubao wa mvule ulikuwa umeegemezwa kwenye ukuta wa jiko, umechorwa kwa penseli umbo la kiwiliwili cha gitaa.

Mwenye gitaa alikuwa Mkongomani, mpiga besi wa kanisa lao. Kiwiliwili cha gitaa lake la zamani kilikuwa kimepasuka vipande viwili. Shingo ilikuwa nzima, na alitaka itengenezewe mwili mpya.

Lazima niseme pia nilivyojua ninachokijua. Niliingia darasa la jioni la watu wazima nikiwa na miaka thelathini na sita, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la uchapaji pale Wandegeya, na nilifanya mtihani wa darasa la saba nikiwa na arobaini na mmoja, nimekaa kati ya watoto walionidhania msimamizi. Mume wangu alizijua mbao kwa vidole, lakini zile alama ndogo za tepu ya kupimia zilikuwa zikimchanganya. Tangu nilipojua kusoma desimali, yeye alishika msumeno na mimi nikashika tepu. Nyumbani pia nilipiga randa na kuchonga kwa patasi. Mbele ya watu sikuwahi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuniuliza.

Siku ya nane ya msiba, shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ambaye naye ni seremala wa uwanja uleule, alikuja akasimama mlangoni.

"Shemeji, nimekuja kuchukua ule ubao."

"Ubao upi?"

"Wa gitaa. Nitaumaliza mimi. Wewe kaa eda yako kwa heshima, na benchi la kaka nitalilinda."

"Utalilinda asilichukue nani?"

Akacheka kicheko cha mtu anayevumilia mtoto. "Ina maana unataka kuchonga wewe? Watu waje kutoa pole wasikie randa?"

"Watasikia."

Wifi yangu, dada yao mkubwa, ambaye ukoo ulimweka akae nami edani, aliuacha uzi wa tasbihi ukamlegea vidoleni. "Ya Rabi," alisema, "mwanamke huyu atatuaibisha kabla ya arobaini."

"Eda imenikataza kutoka nje na kujipamba, wifi," nilimwambia. "Nionyeshe ilipokataza randa."

Shemeji alirudi mikono mitupu, na kesho yake mwenyekiti wa uwanja alinipigia simu kwa Kiswahili chetu cha Kampala, kile ambacho watu hukiita cha askari. "Mama, sisi hatuna vita na wewe. Lakini sikiza vizuri. Eda ikiisha na kazi haijaisha, benchi iko ya ndugu yake. Na kama hiyo gitaa inalia vibaya, pia haijaisha."

Nilimwambia nimesikia vizuri.

Mkongomani alikuja wiki iliyofuata. Alisimama nje ya mlango, mimi ndani nyuma ya pazia, na wifi katikati kama polisi wa mpakani.

"Mama, pole sana. Najua uko na kilio," alisema. "Lakini ndugu ya baba alinipigia. Anasema nimupe shingo."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi niliongea na baba mwenyewe. Baba alisema, mikono ni yake, lakini vipimo vyote ni mama ndiye anapima. Sasa mikono imeenda. Kama vipimo viko, nitaacha shingo hapa."

Akaipitisha shingo chini ya pazia, imefungwa ndani ya fulana. Akanieleza kwamba Jumapili ya tarehe kumi na tisa Juni kanisa lao lingepokea wageni, naye angepiga. Nikamwambia eda yangu inakwisha Ijumaa ya tarehe kumi na saba, jua likizama, kwa hiyo tuonane Jumamosi uwanjani.

"Jumamosi asubuhi, Mama?"

"Saa mbili."

Nilianza kukata tarehe saba Machi. Umbo la gitaa halina pembe hata moja ya kumsaidia mtu, na msumeno mwembamba wa kukatia mviringo hunasa kwenye mvule kila unapoharakisha. Nilikata kwa siku sita. Mvua za masika zilipoanza, niliuhamishia ubao chumbani, nikawa nalala upande mmoja wa kitanda na wenyewe ukilala upande wa pili. Wifi alisema hajapata kuona ukewenza wa namna ile. Mwezi wa Ramadhani niliuchonga kwa saumu, kuanzia baada ya alfajiri hadi jua lilipopanda, kwa sababu baada ya hapo koo lilikauka kwa vumbi. Mvule ni mzito, nami nilikuwa nimezoea kazi ya vitanda, na kitanda hakivaliwi begani. Nilipokwisha kulainisha ukingo, nilijifunga ule mwili kifuani kwa kanga kama mtoto, nikatembea nao uani kwa muda wa nusu saa. Bega liliniuma. Nikauchimba mgongoni kwa patasi, mahali ambapo tumbo la mpigaji huegemea, na mbele, mahali mkono wake hupita, mpaka nikaweza kutembea nao bila kuinama.

Wanawake waliokuja kutoa pole walinikuta na vumbi kichwani. Mmoja aliniuliza kama ni nadhiri. Nikamwambia ni oda.

Kisha ikafika habari ya mstari.

Mume wangu alikuwa amechora juu ya ubao si umbo tu, bali pia mstari wa mahali pa daraja, kile chuma cha chini kinachofungiwa nyuzi. Aliupata kwa kukilaza kile kiwiliwili kilichopasuka juu ya mvule na kukifuatisha. Mkongomani, alipopita tena kuulizia maendeleo, alinieleza kupitia pazia kanuni ya chombo chake. "Pima kutoka kwa mfupa ule wa juu, wenye kushika nyuzi, mpaka chuma cha kumi na mbili, kwa vile vyuma vyembamba vinavyokata shingo. Pale ni nusu ya njia, Mama. Nusu ingine lazima ifike kwa daraja. Ikipungua, gitaa inasema uongo."

Nilipima nusu ya juu: sentimita arobaini na tatu na milimita mbili. Nikaiweka shingo kwenye nafasi yake niliyokwisha kuichimba, nikapima nusu ya chini hadi kwenye mstari wa mume wangu: sentimita arobaini na milimita saba. Nilipima tena. Hesabu ileile. Nikapima mara ya tatu kwa rula ya darasani. Mstari ulikuwa umepungua sentimita mbili na nusu.

Nilimwita Mkongomani kwa simu. "Lile gitaa lako la zamani, shingo na mwili vilitoka pamoja dukani?"

"Hapana, Mama. Shingo nilinunua nyuma yake, kule Kinshasa, kwa sababu ile ya zamani ilivunjika."

"Na lilikuwa likilia sawasawa?"

"Huku juu lilikuwa linalia. Ukishuka, kiongozi wa kwaya alikuwa ananiangalia vibaya. Miaka minne nilifikiri ni sikio yangu."

Basi mume wangu alikuwa amenakili kosa, kwa uaminifu, kwa penseli iliyochongwa vizuri. Ule ulikuwa mstari wa mwisho aliouchora duniani. Nilikaa nao tangu adhuhuri mpaka alasiri. Sitadai kwamba niliamua haraka. Niliweka kidole changu juu yake, nikaona jinsi alivyoukaza mkono mwanzoni na kuulegeza mwishoni, kama alivyofanya siku zote. Kisha nikachukua msasa.

Wifi aliruka kutoka kwenye mkeka. "Unafuta mkono wa ndugu yangu!"

"Nafuta sentimita mbili na nusu."

"Huo ndio ukumbusho wake!"

"Ukumbusho wake ni benchi, wifi. Nikiuacha mstari huu, benchi linaondoka, na gitaa litakalopigwa mbele ya watu litasema mume wangu hakujua kazi. Unataka liseme hivyo kila Jumapili?"

Alilia, na mimi nililia, lakini nililia nikisugua. Nilipomaliza nikachora mstari wangu chini zaidi, nikaandika pembeni tarehe: kumi na tisa Mei.

Kufikia jioni shemeji alikuwa ameshaambiwa. Alipiga simu bila salamu. "Kaka alifanya kazi hii miaka ishirini. Wewe umefuta alama yake kwa hesabu za shule ya usiku?"

"Ya jioni," nilimwambia. "Ilikuwa inaanza saa kumi na moja."

"Utaona eda ikiisha, uwanjani."

"Tutaona wote, shemeji. Njoo na tepu yako."

Ilibaki vanishi, na wifi akawa na la mwisho: alisema harufu ile ni manukato, na mjane haruhusiwi. "Kama kuna mwanamume anayevutwa na harufu ya vanishi," nilimjibu, "mlete nimwone." Hapo alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Februari, akafunika mdomo kwa upindo wa mtandio. Niliipaka mara tatu. Sikuongeza rangi. Mvule uliachwa na hudhurungi yake.

Ijumaa jua lilizama. Nilioga, nikaswali magharibi, nikalala.

Jumamosi, saa mbili kasoro dakika kumi, niliingia uwanjani nimebeba mwili wa gitaa na shingo yake, wifi akiwa kando yangu. Niliona mara moja kwamba benchi la mume wangu limejaa. Shemeji alikuwa amekwisha kupanga misumeno yake, makopo yake ya misumari na jiriwa lake la chuma la kubania mbao, na kitanda ambacho hakijakwisha kiliegemea mguu wa benchi. Miezi minne alikuwa akililinda.

Mkongomani alikuwa amefika. Alifunga shingo kwa skrubu zake nne, akafunga daraja kwenye matundu niliyotoboa, akavuta nyuzi. Maseremala waliacha kazi mmoja mmoja. Hapakuwa na spika, kwa hiyo aliuegemeza ukingo wa gitaa kwenye benchi, na alipogusa uzi mnene, benchi zima lilinguruma, hata misumari ikatikisika ndani ya makopo.

"Hiyo ni kelele," alisema shemeji. "Kelele hata debe linayo."

"Tulia, kaka," alisema Mkongomani. Akaligusa jambo lenyewe. Aliuweka uzi chini ya kidole bila kuubana, juu ya chuma cha kumi na mbili, ukatoa sauti nyembamba kama filimbi. Kisha akaubana palepale, akaupiga. Sauti ileile. Akafanya hivyo kwa uzi wa pili, wa tatu, wa nne, akirekebisha daraja kidogo kwa bisibisi, na kila mara sauti mbili zilikutana. Akateremka shingo mpaka chini kabisa, kule alikokuwa akitazamwa vibaya, akarudi juu, akafumba macho, akasahau kwamba tupo.

Mwenyekiti alimgeukia shemeji. "Uko na tepu?"

Alikuwa nayo. Alipima nusu ya juu, akapima nusu ya chini. Hakutaja hesabu, lakini nilikuwa nimesimama karibu, nami najua kusoma.

"Basi," alisema mwenyekiti, "kazi imeisha. Benchi iko ya mama."

"Mwanamke atakaa hapa barabarani?" shemeji aliuliza, si kwa mwenyekiti bali kwa wanaume wote. "Nani atanyanyua mbao? Nani atazungumza na madereva wa lori?"

Sikusubiri wamjibu. "Shemeji, ondoa vitu vyako."

Seremala wa benchi la jirani, mtu mpole ambaye alimwosha mume wangu siku ya mazishi, alijaribu kuweka amani. "Mama, vitu ni vingi. Mwache leo. Ataondoa Jumatatu."

"Eda yangu iliisha jana," nilisema. "Ningekuwa nataka Jumatatu, ningekuja Jumatatu."

Nilisimama. Wifi alisimama pamoja nami, na ni yeye, si mimi, aliyemwambia mdogo wake kwa Kinubi kwamba jua linapanda. Shemeji alitazama huku na huku, akangoja mtu acheke. Kisha akaanza na jiriwa, kwa sababu ndilo lililokuwa zito kuliko vyote.