Maombi ya Kalekye Mbele ya Kamera

Musyimi hajawahi kuonja pombe maishani mwake, na hapo ndipo taabu yake ilipoanzia.

Alipokuwa na miaka kumi na sita, kanisa lao kule Nuu lilimpa nafasi ya mlevi katika mchezo wa Krismasi. Akayumba, akakumbatia nguzo, akachanganya maneno ya pambio, mpaka wazee wa kanisa wakatokwa machozi kwa kicheko. Jumapili iliyofuata wazee hao hao wakamwondoa kwenye kwaya. Mtu hawezi kuigiza hivyo, walisema, kama hajaonja. Jamani! Kijana ameijua kazi, anaadhibiwa kwa kuijua.

Mama yake, Kalekye, mwenyekiti wa akina mama kanisani, hakusema neno. Hakusema siku hiyo, wala miaka kumi na minne iliyofuata, Musyimi alipohamia mji wa Wote, akapiga video za harusi na mazishi hadi akapata kamera yake, akaanza kutengeneza filamu. Watazamaji walimtaka yule mlevi, naye akawapa mlevi. Mama hakutazama hata moja. Kimya hicho kilimuuma kuliko kutolewa kwaya, lakini kumuuliza kama naye aliamini kuwa ameonja, hakuthubutu.

Mwaka jana alirudi Nuu kurekodi filamu jikoni kwa mama yake. Mwigizaji wa kike aliyekuwa acheze mama wa mlevi akaugua ghafla. Musyimi akapiga moyo konde, akamwomba Kalekye apige magoti amwombee mwanawe mlevi.

"Maombi ya uongo mimi siwezi," Kalekye akasema.

"Omba tu vile wewe huomba, Mwaitu," akamjibu, akimwita mama kwa Kikamba.

Musyimi akajilaza sakafuni kifudifudi, shati limetoka nje, kiatu kimoja hakipo. Kanini, binti aliyeshika kamera, akatoa ishara. Kalekye akapiga magoti, akaweka mkono kichwani kwa mwanawe.

"Baba, huyu ni Musyimi. Wewe unajua na mimi najua, pombe hajaonja hata siku moja. Wale wazee walimtoa kwaya, wasamehe. Na mimi unisamehe. Nilinyamaza juu niliogopa kupoteza kiti changu cha akina mama. Amina."

"Cut!" Kanini akasema. "Mama, turudie. Hapa yeye ni mlevi, na anaitwa Muindi. Sema tu Mungu amwokoe."

"Kurudia ya nini? Mungu amesikia. Kama nyinyi hamjasikia, shauri yenu."

Akapangusa magoti, akaenda kuangalia sufuria yake ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, motoni. Kanini akamwambia Musyimi ainuke. Hakuinuka. Alikuwa analia, na hakutaka kuonekana.

Filamu ilitoka bila maombi hayo. Lakini Jumapili ya wiki ile ile ya kurekodi, wakati wa matangazo kanisani, Kalekye alisimama mbele ya wazee wa kanisa, akayarudia yote, neno kwa neno.