Mashine Niliyoibeba kwa Mikono Miwili

Jumanne nilikuwa nasahihisha mitihani hapa Bungoma nilipopigiwa simu na mama mmoja aliyeolewa Bumula. Kaka yake, fundi wa kompyuta, alikuwa amefariki asubuhi hiyo, kifafa kimemwangusha bafuni. Hakuzaliwa na kifafa hicho. Alipigwa kichwani kule Kitale, Januari ile ya machafuko baada ya uchaguzi wa 2007, na mimi nilikuwepo. Wasomaji wangu wa safu hii mmezoea niwakaripie wabunge. Leo nitajikaripia mwenyewe.

Wakati huo nilikuwa nafundisha Kitale, naye alikuwa na duka la ghorofani karibu na soko. Kila Jumamosi watu wazima tulijaa humo kucheza mchezo mmoja wa vita ambao kompyuta zake hazikuuweza. Ukimlenga adui picha inakwama, na ikifunguka wewe tayari ni maiti. Fundi aliichukia hali hiyo kama mtu aliyetukanwa. Aliongeza memori, haikusaidia kitu. Akaja mpaka Bungoma akapata kadi ya picha iliyotumika, akaichomeka katika mashine moja, lakini kila risasi zikianza kurindima mashine ilijizima kwa kukosa nguvu. Basi akachomoa pawasaplai, kile kisanduku cha kugawa umeme, ya kompyuta kubwa ya ofisi iliyokuwa imekufa, akaifunga humo, akaacha ubavu wa mashine wazi na kuuelekezea feni ya mezani. Nambari ya kona ya skrini, ile inayohesabu picha kwa sekunde, ikapanda kutoka kumi na mbili hadi hamsini na kitu. Sasa damu ilitiririka bila kukwama, nasi tukashangilia. Kiti cha mashine hiyo kiligombewa kwa ngumi. Nilimwona muuza viatu akimng'oa mwenzake jino kwa kibodi, na fundi akafuta damu kwenye vitufe, kisha akawapangia zamu.

Wazazi wake walihamia Trans-Nzoia, wilaya ya Kitale, kutoka mkoa wa kati kabla hajazaliwa. Januari hiyo, watu wenye asili ya huko walipowindwa, kuzaliwa Kitale hakukumsaidia. Kundi la watu lilikuja mchana, nami nikiwa dukani, wakiwa na rungu na mapanga, na wengi wao nilikuwa nimecheza nao. Mwanzoni nilidhani wamekuja kumlinda. Walimburuta kwa shati hadi barabarani. Kabla petroli haijamwagwa dukani, muuza viatu akaikumbuka ile mashine, akaichomoa waya baada ya waya, akaifunika kwa koti lake.

"Mwalimu, shika upande hii," akaniambia. "Pole pole bana, usiangushe."

Nikaishika, kwa woga. Nilishuka ngazi kinyumenyume, rafiki yangu akiniita kwa jina na rungu zikimwangukia, na nilichowaza, Mungu anisamehe, ni nisijikwae. Tulipoitua ng'ambo ya barabara alikuwa ameacha kuita. Wakaiweka nyumbani kwangu, kwa sababu nilikuwa na mlango wa chuma.

Hakufa siku hiyo. Lori la maziwa lilimtoa, akatibiwa hospitali ya Lugulu, akaishi kwa dada yake, mkono mmoja ukitetemeka. Nilipohamishiwa Bungoma nilimpelekea mashine, nikiwa na hotuba ndefu ya kuomba msamaha kichwani. Hakunipa nafasi. Aliuchungulia ule ubavu ulio wazi, akapapasa kadi, akajaribu skurubu moja moja kwa kidole.

"Uliibeba vizuri, mwalimu," akasema. "Hakuna hata kitu moja imelegea."

Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na hadi leo natamani ingekuwepo. Aliniwekea chai, tukazungumza juu ya mahindi.

Darasani nilikuwa nikisema kwamba mauaji hufanywa na wauaji. Sisemi hivyo tena. Siku ile hakuna aliyeniwekea panga shingoni. Nilipewa kazi ndogo, nikaifanya kwa uangalifu mkubwa, na mtu akachukua karibu miaka miwili kufa. Ukisikia mtu anakuita kwa jina, ndugu msomaji, na mikono yako imeshika kitu, kiache kianguke.